Posa Niliyoisahihisha

Watu wanaosahihisha ujumbe wa wenzao kwenye simu nawachukia, na nina haki, maana nimelelewa na mmoja wao. Baba yangu alikuwa karani wa ofisi ya mgodi, miaka yote akipiga barua za wakubwa kwa mashine. Alipostaafu akabaki hapa Dilala, mjini Kolwezi, katika nyumba ya kampuni, barua zikaisha, na sisi tukawa kazi yake. Ukiandika kwenye kundi la familia kwamba shangazi kalazwa, unarudishiwa ujumbe wako umejaa mikato na herufi kubwa, kabla hajauliza kalazwa wapi. Dada yangu aliacha kabisa kuandika. Siku hizi anatuma picha za chakula.

Mwanamume niliyempenda alikuwa mchimbaji wa shaba, mtu wa mji mdogo wa Kasaji, na shule aliiacha mapema. Aliandika kama anavyoongea, maneno yakifuatana bila nukta mpaka pumzi imwishie. Ilinibidi nisome kwa sauti ndipo nielewe. Kila jioni nilimuuliza kama ametoka shimoni, na kila jioni alinijibu hivyo hivyo, nami nilipenda.

Kwetu sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai, mwanamume haji kuposa hivi hivi. Barua hutangulia. Na kwa kuwa baba zangu wadogo wametawanyika, mmoja Likasi, mwingine Kananga, siku hizi barua hutumwa kwenye kundi la familia, kila mzee aisome. Mchimbaji wangu aliandika yake akanitumia kwanza niitazame. Niliitazama nikaona haya. Akilini nilimwona baba akiikatakata mbele ya ukoo mzima. Basi nikaandika nyingine, ya heshima, kila kitu mahali pake, nikamwambia atume hiyo. Alituma bila kuniuliza neno.

Baba hakugusa hata herufi moja. Alisoma mara mbili mezani, akasema, "Huyu ni mutu ya masomo," na wadogo zake wote wakakubali aje.

Alikuja Jumapili na mjomba wake, shati limepigwa pasi vizuri. Mazungumzo yalikwenda sawa. Mwishoni baba alimpa karatasi na kalamu, aandike siku ambayo wazee wake wangerudi na ni akina nani watakaokuja. Akaandika. Baba akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ile barua ya mu telefone, ni nani aliiandika?"

Mwanamume aliniangalia. Nilikuwa nimesimama na sinia la vinywaji. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, ni mimi, na sikuyasema.

"Ni mi, tata."

"Unasema bongo." Bongo kwetu ni uongo.

"Ni mi."

Baba alikunja karatasi. "Kuandika mubaya si kitu. Lakini mutoto yangu siwezi kumupatia mutu ya bongo."

Si kitu. Mzee aliyetunyanyasa miaka yote kwa sababu ya mikato, siku ile ndiyo aligundua kwamba si kitu. Ningeweza kumtupia sinia lile.

Langoni mwanamume aliniuliza, "Yangu ilikuwa na nini?"

"Haikukuwa na nukta."

"Njo ile tu?"

Akapanda pikipiki nyuma ya mjomba wake, wakaondoka.

Juma moja likapita. Kisha nikaweka simu yangu mbele ya baba, nikamwambia, "Njo hii aliandika. Ile ingine ni mi." Barua yake ilisema hivi: "tata mi sina mambo mingi ya kusema mutoto yako njo mutu ananiulizaka kila siku kama nimetoka mu shimo hakuna mwingine ananiulizaka mi nataka akuwe ananiuliza mu nyumba yangu kama unaitika".

Baba alianza kusoma akiwa ameinua kidole, tayari kusahihisha. Kidole kikashuka chenyewe.

"Juu ya nini hukunipatia hii?"

"Juu yako, Papa."

Ni kwa sababu yake, nilisema kwa hasira, na hasira ile sijaimaliza hadi leo. Lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Aliyeionea haya barua ile ni mimi, na aliyenyamaza na sinia mkononi ni mimi, na mtu yule alidanganya ili anifiche.

Baba alisema nimwite. Nikamwandikia kwamba barua yake yenyewe imesomwa, na imekubaliwa, arudi. Jibu lilikuja baada ya siku tatu.

"Dada mpendwa, nimepokea ujumbe wako. Nimekwisha kurudi Kasaji, na sitakuja tena Kolwezi. Nakutakia heri, wewe pamoja na wazazi wako. Asante."

Kuna mtu aliyemwandikia, na sikuwa na uso wa kumuuliza ni nani.