Mogesi na Baba Yake wa Darasa la Pili

Na bado mnamwita mwoga. Juzi tena, mnadani Mbalibali, jamaa mmoja ananiambia mbele za watu eti ndugu yako alishindwa kuchapa katoto ka darasa la pili. Nikamkaba shati. Wakatutenganisha. Basi leo naandika, maana ngumi yangu haiwezi kuwafikia wote.

Mogesi ni kaka yangu, tumbo moja. Mwaka huu wa hamsini na sita chuo cha ualimu kilimleta Nyambureti, nyumbani kwetu kabisa, afanye mazoezi ya kufundisha wiki tatu. Akifaulu ni mwalimu. Akishindwa anarudi kuchunga. Siku ya kwanza anaita majina darasani, sauti nzuri tu, mpaka akafika kwa Waitara. Chaki ikamponyoka.

Waitara ana miaka tisa. Ni mtoto wa mwisho wa babu yetu, kwa mke mdogo. Kwa hiyo ni baba yetu. Huku hatuchezi na hilo. Nyumbani tunamwita tata, yaani baba, na nyama ikiiva anakata yeye kabla yetu. Na ukimpiga baba, hata kama kwako wewe ni wa kubebwa mgongoni, hiyo ni laana. Babu alishasema zamani: mkono uliompiga baba hautabeba mtoto. Na Esta, mke wa Mogesi, ana mimba ya miezi saba.

Mimi ningemwambia mwalimu mkuu siku ile ile. Mogesi aliogopa. Anasema chuoni kuna mwenzake aliwahi kutaja mila mbele ya wakubwa, wakamwandika kwamba hafai. Akanyamaza. Wiki mbili hakumuuliza Waitara swali hata moja, asije akakosea ikabidi achapwe. Mtoto akinyoosha mkono, Mogesi anageukia ubao. Nyumbani chakula hakipiti. Ukimgusa bega anaruka. Esta akawa anampima homa kwa kiganja.

Siku mkaguzi alipokuja kutoka chuoni, mimi nilikuwa juu ya paa la darasa hilo hilo. Kila mji kijijini ulitoa mtu wa kuezeka, kwetu nikatoka mimi. Palikuwa na tundu, naona chini kila kitu. Mogesi anafundisha hesabu, anafundisha vizuri, shati limeganda mgongoni kwa jasho. Mkaguzi amekaa nyuma na daftari lake. Mara akainuka, akamnyooshea kidole Waitara: sita mara saba ni ngapi?

Mtoto ambaye wiki mbili hajaulizwa kitu alikuwa anachezea panzi chini ya dawati. Panzi akaruka, darasa likacheka. Mkaguzi akachukua fimbo mezani, akampa Mogesi, akamwambia ampige nne, anataka kuona anavyolishika darasa.

Mogesi akasema, "Bwana, huyu ni baba yangu."

Mkaguzi akacheka. Watoto arobaini mle ndani, hakuna aliyecheka naye. Mimi huko juu nimeng'ang'ania nyasi, na mimi siogopi watu.

Waitara akaja mbele mwenyewe, akainama. Akasema kwa Kikurya, polepole, mkaguzi asielewe, "Piga tu, mwanangu. Sitamwambia mzee."

Mogesi akainua mkono. Nikafumba macho. Nilipofumbua, fimbo ilikuwa mezani, na Mogesi ameshika mkono wake wa kulia kama umeungua.

"Tata, siwezi," akamwambia.

Mkaguzi akaandika mstari mmoja, akafunga daftari. Mwalimu mkuu alituambia baadaye kilichoandikwa: hawezi kutawala darasa.

Tangu siku hiyo Waitara hataki shule, anasema ameua kazi ya mwanawe. Mogesi anakaa nje anaangalia njia, akisikia baiskeli anasimama, labda ni barua. Chuo kitaamua mwezi ujao.

Mimi niliishia darasa la tatu, na hasira zangu zinajulikana, barua yangu wataitupa. Lakini wewe unayesoma hapa unajua kuandika, na huku kwetu nani hana baba mdogo aliyezaliwa nyuma yake? Chukua karatasi. Mwandikie mkuu wa chuo kwamba Mogesi alisema kweli, yule ni baba yake. Andika leo, uipeleke posta mwenyewe.