Mama Vipimo na Tumbo Lisilotakiwa Kujulikana

Ndugu wasomaji, leo gazeti hili linawaletea mlinzi wa siri nzito zisizowahi kuingia kwenye kasiki la benki yoyote. Hivi sasa, saa mbili asubuhi, yuko kazini. Amepiga magoti, pini zimemjaa mdomoni, anazungusha futi ya kamba kwenye nyonga za mwalimu mkuu.

"Usivute tumbo, Mwalimu," anasema kwa upande mmoja wa mdomo. "Gauni halidanganywi."

Ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Vipimo.

Vipimo vya wateja alivihifadhi kwenye simu, pamoja na picha zao wakijaribu nguo. Mwaka jana simu hiyo iliibwa sokoni, alipokuwa akichagua vifungo.

Bei ya simu haikumtia kiwewe. Humo ndani mlikuwa na picha za bibi harusi aliyemwomba, kwa kunong'ona, aongeze nafasi tumboni. Wakwe hawakuwa na habari.

"Nikasema leo namwaibisha mtoto wa watu," anakumbuka.

Alikimbilia kwa shemeji yake, fundi simu.

"Si ina namba ya siri? Tulia basi, shemeji."

Atulie wapi! Mama Vipimo kila namba huiandika kwa chaki juu ya kitu chenyewe. Na hiyo ya siri alikuwa ameiandika ndani ya kava la simu.

"Shemeji! Si ungemwachia mwizi na chai kabisa!"

Kumbe siku simu iliponunuliwa, shemeji aliiwekea njia ya kuifuta kutoka mbali, huku Mama Vipimo akinuna kwamba anacheleweshwa. Lakini kufuta ni kupoteza vipimo vya wateja wote.

"Futa," akasema Mama Vipimo.

Mwizi alikuwa hajaizima. Ikafutika yote. Mama Vipimo akakaa chini, akalia.

Harusi ilifungwa kwa amani. Bibi harusi, ambaye sasa ananyonyesha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi kupimwa upya. "Andikeni tu," analiambia gazeti hili akicheka, "ila jina langu liacheni."

"Wateja wangeweza kuniacha wote, lakini wamerudi wote," anasema Mama Vipimo. "Namshukuru Mungu. Namshukuru na shemeji, ingawa mashati ninayomshonea bure ameyafanya mshahara."

Anapanga kufungua duka lenye chumba cha kujaribia nguo, mahali ambapo simu haitaingia.

"Na hiyo simu unayonirekodia," anamgeukia mwandishi ghafla, "inafunguliwa kwa namba gani?"

Mwandishi wa makala haya alikohoa. Akatazama cherehani. Akatazama dari.

Haina namba.

"Lete hapa," akasema Mama Vipimo, akitema pini. "Na hiyo kalamu iweke chini kwanza. Namba ya siri haiandikwi."