Jumamosi Shangazi Alipoimba Jibu

Nilirudi kijijini kwetu Kibirichia mwezi wa nane, wakati wa kuchimba viazi, nikakuta ukumbi wa zamani wa kanisa letu umebomolewa. Wanajenga mwingine wa mawe. Nilisimama kwenye ukungu nikitazama mbao kuukuu zilizorundikwa kando, na hapo hapo nikamkumbuka shangazi yangu. Hebu nikusimulie. Kama nawe ulikua miaka ya tisini, najua ulikuwa na Jumamosi zako.

Zetu zilianzia shambani. Tulichagua viazi, vikubwa vya kuuza na vidogo vya nyumbani, mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi ya mlima. Betri za redio zilikuwa zimeanikwa juu ya banda la kuku ili jua lizirudishie nguvu, na jua likigoma tulizipasha kando ya jiko. Mchana, mukimo wetu wa viazi na mahindi ya kupondwa ukiwa bado unafuka moshi kwenye sahani, redio ilianza kuzipiga nyimbo za mapenzi zilizovuma huko ng'ambo, kutoka ya kumi mpaka ya kwanza.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye maswali. Kati ya wimbo na wimbo mtangazaji aliuliza: ni mwimbaji gani alikuwa fundi viatu kabla ya kupata jina? Ni wimbo upi uliokataliwa na waimbaji wengine wote kabla ya kumpata wa kuuimba? Jibu lilitoka Jumamosi iliyofuata. Wiki nzima tuliishi na swali hilo, tukibishana tukienda mtoni, tukibishana tukikata nyasi za ng'ombe.

Shangazi, dada mdogo wa baba, hakubishana. Alijua tu. Alikuwa msichana mrefu, mpole, na alikuwa na kigugumizi. Shule aliiacha kidato cha pili, kwa sababu kila aliposimama kujibu darasa lilimmalizia sentensi kisha likacheka. Nyumbani hatukucheka, ila tulimmalizia pia, tukidhani tunamsaidia. Basi akawa mtu wa kutikisa kichwa na kutabasamu. Akiwa peke yake jikoni, hata hivyo, aliimba nyimbo za redio mwanzo hadi mwisho, na ulimi wake haukukwama hata mara moja.

Nyanya, mama yake, hakuzipenda nyimbo hizo. "Wazungu hawa wanalia nini kila siku, na wameshiba?" alikuwa akisema, kisha anaipunguza redio sauti. Shangazi alingoja atoke, akaiongeza.

Mwaka mmoja kiongozi wa vijana kanisani, mwalimu kijana aliyetoka Mitunguu na ambaye hakuja kwetu bila ndizi mkononi, aliandaa shindano. Vijana wetu wangepambana na wale wa kanisa jirani la Ruiri kwa maswali ya nyimbo za mapenzi. Wazee wa kanisa walinuna, lakini padri akasema mapenzi yenye heshima hayana ubaya. Mwalimu alikuwa amepita nyuma ya jiko letu akamsikia shangazi akiimba. Akaja kumwomba ajiunge.

"Si-si-siwezi," shangazi akasema. "Kila mtu lazima ajibu."

"Utajibu lako moja tu," mwalimu akamwambia. "Nasi tutakungoja."

Siku yenyewe, Jumamosi, ukumbi ulijaa. Tulikaa sakafuni sisi watoto, nyanya akiwa nyuma yetu kwenye benchi, amejifunga leso, uso umekunjamana kama aliyeletwa kwa nguvu. Maswali yalikwenda, huku na huku, vijana wakipiga makofi. Mwisho ikafika zamu ya shangazi, na timu zilikuwa sawa.

Muulizaji, mzee wa kanisa, akasoma polepole: "Wimbo uliokaa namba moja msimu wote wa Krismasi, ule wa kumwomba mpenzi asiondoke. Mwimbaji alimtungia nani?"

Ukumbi ukatulia. Nilimwona shangazi akifungua mdomo. Herufi ya kwanza ikakwama. Akajaribu tena, shingo ikamvimba, macho yakajaa machozi. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Mwingine akapaza sauti, "Mkewe! Sema mkewe!" Shangazi akatikisa kichwa kwa nguvu: hapana. Nilitaka sakafu inimeze kwa niaba yake.

Kisha akafumba macho na kuimba. Alichukua sauti ya wimbo wenyewe akaitia maneno yetu ya Kiswahili: *alimtungia mama yake, mama aliyelazwa hospitalini, alimwomba asiondoke.* Aliimba taratibu, bila kukwama, na hata yule wa kucheka alinyamaza.

Mzee wa kanisa akakuna kichwa. "Jibu ni sahihi," akasema, "ila hapa tulikubaliana kusema, si kuimba."

Ndipo benchi la nyuma likalia kwa mtu kusimama. Alikuwa nyanya.

"Mmemuuliza, amewajibu," akasema. "Mnataka nini kingine kwa mtoto wangu?"

Wa kwanza kupiga makofi walikuwa vijana wa Ruiri.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado juu ya mashamba ya viazi. Tulipofika kwenye mteremko nyanya akauliza, "Kumbe ni wimbo wa mama?" Shangazi akaanza kumweleza, akikwama, akianza upya, akikwama tena. Mdomo wangu ulifunguka kumsaidia, nyanya akanishika bega nikanyamaza. Maelezo yale yalichukua njia nzima. Nyanya hakumkatiza hata mara moja.

Baada ya siku hiyo watu wa Kibirichia walijifunza kumsubiri, sokoni na hata kanisani, alipoanza kusoma matangazo. Aliolewa Ruiri, na mmoja wa wale waliompigia makofi. Nyanya tulimzika miaka mingi iliyopita. Kipindi kile hakipo tena redioni, na mwalimu wa Mitunguu sijui aliko.

Nyimbo zenyewe bado zipo, nazisikia dukani na kwenye harusi. Nisichokisikia tena ni ule ukimya wa ukumbi mzima, watu wakiwa na shughuli zao na njaa zao, wamekaa tu wakimngoja msichana mmoja amalize alichotaka kusema.