Meza Nyeupe Kwenye Mwalo wa Dagaa

Nichekeni kabisa sasa hivi, mmalize, ndipo nisimulie, kwa sababu mtu anayejizuia kucheka huku ananitazama huniumiza zaidi kuliko anayecheka. Mpaka leo kuna watu wa Gungu wakiniona wananiita Bwana Mstari, na jina hilo sikulipata shuleni wala uwanja wa mpira, nililipata ufukweni, siku niliyokusudia kuwaonyesha wageni wawili mahali pazuri kuliko pote duniani.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mji wetu wa Kigoma ulijaa magari meupe yenye antena ndefu, kila nyumba yenye choo cha ndani iligeuzwa ofisi, na boti zilikuwa zinaingia kutoka ng'ambo ya ziwa zimejaa watu, magodoro na sufuria. Mimi nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, pale Katubuka. Nilikuwa nafua vizuri mno (hilo ni tatizo langu, siwezi kuacha doa hata lile ambalo mwenye shuka mwenyewe halioni), lakini moyoni sikuwa mfuaji. Moyoni nilikuwa mtu wa kutembeza wageni. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na jarida moja la picha lililosahauliwa na mgeni chini ya kitanda, na jarida lenyewe lilihusu kisiwa kimoja cha Ugiriki: milima ya kijani, maji ya buluu, mchanga mtupu, na katikati ya mchanga huo meza moja yenye kitambaa cheupe, samaki mmoja na ndimu iliyokatwa. Hakuna mtu. Ile picha niliijua kama ninavyoijua sura yangu. Hata ndimu nilijua imekatwa upande gani.

Sasa pale kwetu alikuwa anakaa nesi mmoja, Sista Eleni, Mgiriki, ambaye kazi yake ilikuwa kuchanja watoto kambini na vijiji vya kando ya ziwa. Chumba cha pili alikaa Daktari Lyimo, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, mtu mpole ila amechoka mpaka anavyokaa kwenye kiti unaona kiti ndicho kinachomshikilia. Siku moja Sista akanikuta nasoma jarida langu huku mashuka yanakauka, akaniambia, "Hiki ni kisiwa cha jirani na kwetu."

Nikamjibu (na hapa ndipo mdomo ulipoanza kunitangulia), "Sista, hata sisi tunao ufukwe kama huu. Mzuri kuliko huu."

Daktari akasikia kutoka ndani. "Kuna watu?"

"Hakuna, daktari."

"Nauliza tena, kijana. Mimi sitaki mandhari. Nataka sehemu moja tu ambayo hakuna mtu hata mmoja anayeningoja."

Nikaapa kwamba ipo. Bi Zuhura, ambaye masikio yake hayakuwahi kukosa mazungumzo yoyote ndani ya nyumba ile, akaniita jikoni. "Ezekieli, sikiliza. Wapeleke. Wakirudi wanacheka, nakutoa kwenye karai, unakuwa mtu wangu wa safari za wageni. Wakirudi wamenuna, karai unalijua lilipo."

Basi maisha yangu yote yakaning'inia hapo, kwenye nyuso mbili.

Sikukurupuka, msidhani. Nilipanda boti ya Saidi, aliyekuwa anapeleka sabuni na sukari kwenye maduka ya Mwamgongo, na kabla ya kufika kijijini nikamwomba atie nanga kwenye ghuba moja ndogo niliyokuwa naiwaza. Jamani. Mchanga umetulia, mitumbwi imepinduliwa mbali chini ya miti, mlima wa kijani umeshuka mpaka karibu na maji, na maji yenyewe unaona kokoto chini. Kiumbe pekee alikuwa mbwa, naye alikuwa amelala. Nikazunguka, nikachagua mahali pa meza, nikakaa nikaangalia jua linaingilia wapi. Tulipokuwa tunarudi jioni, mwezi ukachomoza nyuma ya milima, mviringo, mkubwa kama sinia, nikaona hata mbingu zinaniunga mkono.

Mtu yeyote aliyekulia Kigoma ameshaelewa. Mimi pia nimekulia Kigoma. Nimekua natumwa dagaa na mama yangu, na mara ngapi nimerudi na kikapu kitupu nikamwambia, "Mwezi mkubwa mama, hawajaingia ziwani." Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mweupe taa haina kazi, kwa hiyo hukunja nyavu wakaenda makwao wakapumzika. Hilo nilikuwa nalijua tangu sijaota meno ya pili. Ila lilikuwa kwenye kichwa cha mtoto wa kutumwa dagaa, na kichwa nilichokwenda nacho kule ufukweni kilikuwa cha Ugiriki.

Siku mbili kabla ya safari, Sista akaniambia kuna boti nyingi zimeingia, hawezi kutoka, tusogeze wiki mbili mbele. Nikajibu kwa lile neno nililotaka kulikatia ulimi baadaye: "Bila shaka, Sista. Ufukwe hauhami."

Hizo wiki mbili nilizitumia kuongeza ubora. Niliazima meza. Nilitia wanga kitambaa mpaka kikasimama chenyewe. Kivuli kilinisumbua, maana turubai pekee zilizopatikana mjini zilikuwa zile za misaada, na sikutaka mgeni wangu apumzike chini ya turubai analoliona kila siku kambini, kwa hiyo nikashona mashuka manne meupe ya Bi Zuhura (kwa ruhusa yake, na kwa onyo lake) nikayatafutia nguzo nne. Saidi alipoona mzigo wangu gatini aliuliza, "Tunahamisha msikiti?" Nilikuwa nahesabu ndimu.

Tulipokaribia ghuba, asubuhi, jua likiwa limeshatoka juu ya mlima, ufukwe wote ulikuwa unameta. Unameta kama mabati mapya. Nikasimama mbele ya boti, nikanyoosha mkono kama mwenye mali, nikasema, "Mnaona mchanga wetu unavyong'aa?"

Saidi akakohoa. Kisha upepo ukageuka, na ile harufu ikatufikia.

Ulikuwa mwalo, ufukwe wa wavuvi kushushia na kuanika dagaa, uko kazini. Wavuvi walikuwa wamerudi alfajiri na mzigo wa giza nene, na kuanzia majini mpaka miti ilipoanza walikuwa wamemwagwa dagaa wanaoanikwa, na akina mama wameinama wanawageuza kwa fagio, na ndege juu, na yule mbwa safari hii yuko macho.

"Saidi," nilimnong'oneza, "kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza boti," alisema. "Hukuniuliza dagaa."

Mtu mwenye akili angegeuza boti. Lakini mimi nilikuwa nimeshatia wanga kitambaa. Nikawaambia wageni kuna upande wa pili, tulivu, kule kwenye mawe, na kweli palikuwa na kipande cha mchanga kisicho na dagaa, isipokuwa kando yake walikaa watu kama kumi hivi waliovuka kutoka ng'ambo, na vifurushi vyao, wakisubiri chombo cha kuwapeleka mjini. Wageni wakapita nyuma ya mawe kuogelea. Mimi nikasimika nguzo zangu, nikafunga mashuka, nikaweka meza, kitambaa, viti viwili, nikarudi hatua chache nyuma kutazama. Ilikuwa ile picha kabisa. Nikasogeza ndimu kidogo, ikawa ile picha kabisa zaidi.

Mama mmoja akaja na fagio lake mkononi. Jina lake nilikuja kulijua, Mama Sofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwakeye," akaongeza salamu ya Kiha. "Ninyi ni wa chanjo au wa kuandikisha?"

"Hapana mama, hawa wamekuja kupumzika tu."

"Kupumzika." Akawageukia wenzake. "Eti wamekuja kupumzika. Na meza."

Wakacheka kicheko cha watu ambao mgongo unawauma. Mwingine akasema, "Yule mzungu si ndiye aliyemchanja Sofia?" Mama Sofia akashusha sauti, kwa huruma, kama mtu anayemwelewa mtoto aliyekatazwa kusema. "Mwanangu, kama mmeambiwa msitangaze, basi. Sisi tutangoja."

Nilipogeuka, mzee mmoja wa wale waliovuka alikuwa ameshasimama mbele ya meza, koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni. Nyuma yake mwingine. Nikasema jamani, leo hakuna kazi. Wakaitikia kwa heshima, wakabaki palepale. Nikasema hawa ni watalii. Mtu nyuma kabisa akauliza wenzake watalii ni shirika gani.

Mpaka hapo bado ningeweza kupona. Lakini foleni ilikuwa inakua, na ilikuwa imepinda, mkia wake umeingia kwenye dagaa, na Mama Sofia akaanza kupiga kelele kwamba wanamkanyagia mboga. Na mimi mstari uliopinda siwezi. Siwezi tu. Nikachukua kasia la Saidi, nikachora mchangani mstari ulionyooka, nikasema, "Basi simameni hapa. Akina mama wenye watoto mbele. Wazee upande wa kivuli. Tusisukumane." Wakajipanga. Walijipanga vizuri mno, nakiri niliona raha, na watu ambao mpaka wakati ule walikuwa na mashaka, waliposikia sauti yangu wakaacha fagio wakaja, maana sasa wamepata uhakika.

Daktari Lyimo akatokea nyuma ya mawe amejifunga taulo, maji yanamchuruzika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake ulikuwa umelegea. Mstari mzima ukamgeukia.

"Shikamoo daktari," ukasema, kwa sauti moja.

Nikauona ule uso unarudi kazini. Akanitazama mimi na kasia langu.

"Kijana, nilikuomba nini?"

"Sehemu ambayo hakuna mtu anayekungoja."

"Hawa wanamngoja nani?"

Nikaficha kasia nyuma ya mgongo.

"Na nani kawapanga vizuri hivi?"

Hapo ndipo Saidi aliponitaja, bila kuulizwa, na ndipo pia jina la Bwana Mstari lilipozaliwa, kwa kuwa alikuwa na njia nzima ya kurudi ya kulitengeneza na mji mzima wa kulisambazia.

Sista Eleni naye akatoka nyuma ya mawe. Alivaa gauni juu ya nguo mbichi, akaketi kwenye kiti changu, akasogeza sahani ya ndimu pembeni, akamwita yule mzee. Mzee akasema kwa utulivu, "Mimi si mgonjwa, mama. Niliona meza, nikasimama. Siku hizi tukiona meza tunasimama." Akampisha aliye nyuma yake. Mtoto wa huyo mama alikuwa anaungua homa, na kwenye boti yetu nzima, iliyobeba nguzo nne na vitambaa vilivyopigwa pasi, hapakuwa na kidonge hata kimoja.

"Mmekuja na ndimu," Mama Sofia alisema. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anahakikisha tu.

Daktari akavaa shati. Ikabidi turudi mara moja tumpeleke mtoto mjini, na kwa kuwa boti inarudi, ikawa vigumu kumwambia yule mzee na wenzake kwamba nafasi yao imekaliwa na meza. Meza ikabaki. Nilipokumbuka kivuli changu, upepo ulikuwa umeshakiangusha, na Mama Sofia, ambaye hakuwahi kuona turubai safi namna ile, alikuwa ameshaanika dagaa juu ya mashuka yote manne. Aliyakunja kwa haraka na dagaa wamo humohumo, akanitupia botini. "Mpelekee mwenye mashuka. Mwambie mboga hiyo."

Njiani Sista alimpakata yule mtoto ili mama yake apate kulala. Nikamwomba msamaha kwa ile harufu. Akacheka, akasema kwao asubuhi kunanuka hivihivi, baba yake alikuwa mvuvi. Nikamuuliza, mbona kwenye picha hakuna mtu. "Aliyepiga picha alituomba tusogee," alisema.

Mtoto alilazwa, akapona. Hilo niliseme, msije mkalala vibaya.

Bi Zuhura alitungoja mlangoni. Akatazama nyuso, kama tulivyokubaliana. Sista alikuwa anacheka. Daktari alipita moja kwa moja mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Nikaanza kueleza kwamba kihesabu ni nusu kwa nusu. Bi Zuhura akachukua shuka moja kutoka mikononi mwangu, akalifunua, dagaa wakamwagika miguuni pake, akalinusa. Hakuuliza safari ilikuwaje. Aliingia ndani akarudi na mche mzima wa sabuni, akaniwekea mkononi.

Niliyafua yale mashuka kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu zangu zote zilizobaki. Niliapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba sitamwahidi mtu yeyote mahali pasipo na watu, na kwamba kabla ya kumkubalia mtu tarehe ya jambo lolote, hata arusi, natoka nje kwanza natazama mwezi. Kwa macho yangu mashuka yalitakata. Daktari Lyimo ndiye aliyetandikiwa, naye hakulalamika hata siku moja. Ila kila asubuhi alipofungua mlango, aliwakuta paka wa Katubuka wamekaa nje, mmoja nyuma ya mwenzake, wanamngoja. Na hao, naapa, sikuwapanga mimi.