X ya Krismasi Dukani Kabati

Desemba moja ya miaka ya sabini, mwenye duka hapa mjini Kabati alikuwa akiandika "X-MAS NJEMA" kwa chokaa mlangoni. Mzee wa kanisa akasimama, akaigusa ile X kwa fimbo. "Umemtoa Kristo kwa sikukuu yake."

Mimi, niliyekuwa nikingoja kununua sukari, nikajifanya mwalimu. Nikamweleza kwamba ile X ni herufi ya Kigiriki inayoanza jina la Kristo, na Wakristo wa kale waliliandika hivyo kwa kifupi. Mzee akaguna. "Mtu ukimpenda, utamkata jina?"

Mama mmoja aliyekuja kununua unga wa chapati akacheka kidogo, macho yakiwa barabarani. "Mzee, baba ya watoto wangu yuko kazi Mombasa. Hata Krismasi iliyopita hakuja. Kwetu hatumtaji jina. Mtoto akiuliza, 'Atakuja?', hakuna mtu anauliza ni nani."

Mzee akaishusha fimbo polepole. Yule mama akafunga pakiti ya unga kwenye leso, kisha akaifungua tena.

"Niongezee ingine," akamwambia mwenye duka. "Yeye hula chapati nyingi."