Lipeni Sasa, Kura Baadaye

Nilijifunza kusoma nikiwa mjane mwenye watoto wanne. Darasa letu la watu wazima lilifunguliwa Jumatatu, tarehe 3 Februari 1975, chini ya paa la ghala la kijiji chetu kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Singida mjini. Kufikia mwezi Mei niliweza kuandika barua nzima bila kusaidiwa. Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho kiliwashinda karibu wote tuliokuwa tumelelewa kwa Kinyaturu: kutofautisha L na R. Mwalimu alituimbisha “lala, rara, lala, rara” mpaka watoto waliokuwa wakipita nje wakawa wanatuitikia. Darasani tulipatia. Tukifika nyumbani, ulimi ulijichagulia wenyewe.

Wakati huo sisi wanawake kumi na wawili tulikuwa tukilima bonde dogo lenye visima vya mchangani. Kulikuwa na ziwa tuliloliona kutoka pale, lakini maji yake ni ya chumvi na hayafai kumwagilia hata mche mmoja. Maji matamu yalikuwa katika visima vyetu, na kwa sababu hiyo kila mtu alilitamani lile bonde. Kamati ya kijiji ilitaka lilimwe alizeti ya kijiji. Mwenyekiti, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wangu, alitupa muda hadi mkutano wa Jumamosi, tarehe 7 Juni. Kama siku hiyo tungekuwa hatuna mbegu wala makopo ya kumwagilia ya kutosha bonde zima, bonde lingeondoka mikononi mwetu.

Fedha ya kununulia vitu hivyo hatukuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni wazo. Wakati wa kiangazi sisi wenyeji tulikula mlenda uliokaushwa, lakini watumishi wa serikali waliotoka mikoa mingine walililia mboga mbichi, wakazinunua sokoni kwa bei ya kuumiza baada ya kuletwa na lori kutoka mbali, zikiwa zimenyauka. Je, kama wangetupa shilingi ishirini kila mmoja mwanzoni mwa msimu, nasi tukawapa kila Jumatano kikapu cha mchicha, figiri na nyanya zilizokuzwa kwa samadi ya mazizi yetu, mpaka mvua zinyeshe?

Ijumaa, tarehe 30 Mei, ilikuwa siku ya kliniki ya kupima watoto. Muuguzi kutoka mjini alikuja kila Ijumaa na mizani yake, akafanyia kazi katika chumba kilichopakana na ofisi ya kijiji. Alfajiri nilichukua kipande cha boksi, nikaandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa nilizojivunia, kisha nikakitundika mlangoni:

WATUMISHI WA MJINI. LIPENI SASA, KURA BAADAYE. MUONENI MJANE WA BONDENI.

Wa kwanza kulisoma tangazo hilo hakuwa muuguzi. Alikuwa shemeji yangu. Nami ninapaswa kusema kwamba uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji ulikuwa umebakiza majuma matatu.

Alinikuta bondeni nikichota maji. Hakusalimu.

“Shemeji, kiti changu unakitaka?”

“Kiti gani? Kile chenye mguu mmoja mfupi?”

“Usinichekeshe. Umebandika tangazo ofisini kwangu kwamba unapokea fedha, watu wapige kura baadaye. Tena unawaita hata watu wa mjini! Hii ni rushwa ya mchana kweupe.”

Nilimwambia kwamba niliandika habari ya kula, ya mboga. Alinijibu kwamba yeye amesoma mpaka darasa la nne na R anaijua. Tukapandisha njia hadi ofisini tukibishana, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo kichwani. Mlangoni kina mama walikuwa wamekusanyika na watoto wao mgongoni, na muuguzi alikuwa amesimama mbele ya boksi langu.

“Dada,” aliniuliza, “hii ni kura ya kupiga au ni kula ya mdomoni?”

“Ya mdomoni,” nilisema. Sijawahi kuona aibu kama ile. Miezi minne ya darasa, na herufi moja imenivua nguo mbele ya kijiji kizima. Nilinyoosha mkono nilibandue.

“Liache kwanza. Nieleze.”

Nilimweleza. Alisikiliza huku akimpima mtoto, macho yake kwenye mizani.

“Na wadudu wakiingia?”

“Tunanyunyiza majivu na maji ya pilipili. Dawa ya unga hatutumii.”

“Na majivu yakishindwa?”

“Mtakula watakachobakiza wadudu, nasi tutakula hicho hicho.”

Alicheka. Alihesabu kwa vidole, akasema kwamba mwezi wa kumi mwaka uliopita shilingi ishirini zilimwishia sokoni katika majuma matatu. Kisha akamgeukia shemeji yangu. “Mwenyekiti, tangazo hili naliomba. Nakwenda nalo hospitali.”

“Nenda nalo,” alisema shemeji. “Lisirudi.”

Nilidhani nitachekwa mjini kama nilivyochekwa kijijini, na ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi alilitundika kwenye chumba chao cha chai. Kila aliyeingia alilisoma, akacheka, akauliza maana yake. Na kila aliyeuliza alielezwa. Kama ningeliandika sawasawa, nadhani wangelipita tu. Jumatano, tarehe 4 Juni, muuguzi alikuja kwa baiskeli, siku ambayo si yake, akanikabidhi bandeji iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na fedha za watu ishirini na watatu.

Siku ya mkutano tuliweka mbele ya kamati makopo kumi na mawili mapya na mbegu za bonde zima. Shemeji aliyatazama makopo moja moja kana kwamba anatafuta tundu.

“Wanaotaka bonde libaki kwa kina mama wanyooshe mikono,” alisema hatimaye.

Tulinyoosha sote. Wanaume kadhaa walinyoosha. Mke wake alinyoosha mikono miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

“Shemeji,” nilisema, “walipaji walishalipa. Sasa ndiyo kura yenyewe.”

Mkutano uliangua kicheko, naye akanyoosha wa kwake.

Kikapu cha kwanza kilitoka Jumatano, tarehe 30 Julai, na hakuna Jumatano tuliyoruka hadi tarehe 26 Novemba. Muuguzi aliniambia kwamba kwa fedha aliyookoa sokoni alijishonea gauni, akaja nalo kliniki ili nilione. Shemeji alichaguliwa tena, bila mpinzani.

Mwezi Mei uliofuata alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni na noti ya shilingi ishirini mkononi, mke wake akimsukuma kwa nyuma.

“Shemeji,” alisema, “nimekuja kupiga kula.”

Niliipokea noti, nikafungua daftari, nikaliandika jina lake kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lina L mbili na R moja. Zote niliziweka mahali pake.