Kioo Kipya cha Fundi Kola

Jina la Fundi Kola lilitokana na mashati. Umpe kitambaa cha namna yoyote, kola aliyoikata ilisimama shingoni bila kujikunja, na aliyeshonewa naye mara moja hakumtafuta fundi mwingine. Mwenzake wa chumba cha kazi, cherehani kwa cherehani, aliitwa Pindo, maana mikono yake ilikuwa ya suruali. Walitaniana mpaka wakazeeka. Kisha macho ya Fundi Kola yakaanza kufa, pembeni kwanza, halafu katikati. Daktari akasema ni presha ya macho na kwamba amechelewa. Akauza cherehani, akahamia kwa mwanawe mkubwa, mji wa mbali na Pindo.

Mwana huyo aliuza vipuri vya magari, na kwake kubadili simu ilikuwa sheria. Kila mwaka alinunua mpya. Ile aliyoiacha ilikwenda kwa mkewe, na ya mkewe ikashuka kwa mzee, kama nguo za watoto zinavyorithishwa. Alikuwa na msemo wake kwamba simu ni kama mswaki, ukikaa nao sana watu wanakuonea kinyaa.

Zamu moja mzee aligoma kubadilishiwa. Simu aliyokuwa nayo ilimponyoka bafuni, kioo kikapata ufa ulioanzia pembe ya juu ukashuka mshazari karibu mpaka chini. Mkwewe, siku moja alipoamka na moyo mweupe, alimwekea jina la Pindo pale pale ufa ulipoishia. Tangu hapo Fundi Kola hakumsumbua mtu. Alikipitisha kidole gumba juu ya ule mkwaruzo, kikafika mwisho, akabonyeza, na Pindo akaitika. Hata kupokea alijua: kidole kiweke ufani, kisha telezesha kulia.

Walizungumza kila siku baada ya chakula cha mchana, na hawakuwa na la maana. Pindo ndiye aliyekuwa macho yake. "Leo nimemwona bwana harusi," alimwambia siku moja, "kola imemlala kama sikio la mbuzi." Fundi Kola akacheka mpaka akapaliwa.

Mambo yakaharibika siku mwana alipowaalika wenzake wa kazini. Mmoja wao aliiona ile simu mezani, akauliza kama ni simu au ni nyumba ya buibui. Wakacheka wote, na mwenye nyumba akawashinda kwa kucheka. Wageni walipoondoka, akaingia chumbani kwa baba yake.

"Baba, hii simu inatuaibisha."

"Inamwaibisha nani? Mimi mwenyewe siioni."

"Wenzangu wanaiona. Na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huo ufa nauhitaji, mwanangu. Ndio unaonipeleka kwa Pindo."

Mwana alitoka akamwambia mkewe ukumbini, kwa sauti ya kusikika, kwamba mzee ameanza kupotea.

Kesho yake, mzee akiwa bafuni, simu ilichukuliwa. Aliporudi akakabidhiwa nyingine, kubwa, laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Laini yake ya simu ilikuwa imeshahamishiwa humo. Mwana alimwonyesha mara moja, haraka haraka, vuta hivi, gusa hapa, naye alikuwa na haraka ya kwenda dukani. Alisema hata mtoto anaijua.

Kidole cha Fundi Kola kilizunguka kwenye kile kioo kama mtu aliyeshushwa uwanjani gizani. Aliwasha tochi bila kujua. Alipiga picha za dari. Siku moja alimpigia mwanawe kwa bahati mbaya mbele ya wateja, akaambiwa asimpigie ovyo kazini. Alimwomba mkwewe amtafutie Pindo. Mkwe akasema akimaliza kazi, na kazi zake hazikwisha.

Pindo naye alikuwa akipiga. Simu iliita mapajani mwa mwenzake, mzee akakipapasa kioo juu, chini, kulia, kushoto, ikanyamaza. Mwishowe Pindo alimpigia mwana. Mwana, ili asikae kwenye mazungumzo marefu, alimjibu kwamba mzee siku hizi anachoka na simu. Pindo alikuwa mtu wa soni. Alielewa alivyoelewa, akapunguza.

Mchana mmoja simu ikaita tena, kwa muda mrefu kuliko desturi. Fundi Kola aliijua saa ile. Alimwita mkwewe, mkwe alikuwa chumbani, visikizi masikioni. Akasugua kioo kwa gumba, kisha kwa kiganja kizima, kisha akaibandika sikioni ikiwa bado inaita.

"Pindo," alisema, "nipo. Sema, nakusikia."

Ikamlilia sikioni mpaka ikakatika.

Habari za msiba aliletewa na mwanawe, mazishi yakiwa yamekwisha. Pindo alikuwa amelazwa, na alifia huko huko hospitali. Mzee aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Mwana akamuuliza, kwa upole kabisa, angesafirishwa vipi na macho yale.

Siku chache baadaye mkwe, akiitafutia simu ya mzee chaji, aliona ujumbe wa sauti ambao haujafunguliwa. Aliufungua akiwa amesimama mlangoni. Sauti ya Pindo ilikuwa imekonda.

"Kola, mimi nipo hospitali. Kama nilikukosea neno, niambie ndugu yangu. Kunyamaziwa ndiko kunakonishinda."

Mzee aliomba irudiwe. Mkwe akairudia, akasema jamani inasikitisha, akaenda kugeuza maharage.

Jioni mwana alimjia baba yake na wazo. Ziko simu za vitufe vikubwa, zimetengenezwa kwa ajili ya wazee, angeweza kumnunulia moja.

"Usijisumbue," Fundi Kola alisema. "Sina wa kumpigia."

Mwana alishukuru moyoni kwa kupunguziwa safari ya dukani. Aliichukua ile simu laini pale kitandani, akaifuta kwa pindo la shati lake, na wiki hiyo hiyo akampa shemeji yake.